Mto Umelala, Laleni

Mvua ya wiki ile haikuwa na haya. Ilinyesha mji mzima wa Suva bila kupumzika, ikaingia kwa mafundi cherehani wa ghorofa ya chini, nao wakapandisha majora yao ya sari ngazini, wakayarundika mlangoni mwa ofisi ya Raneel mpaka pakawa kama pana harusi. Torika aliwaruhusu wayaweke popote isipokuwa karibu na nyaya. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa seva za ofisi ile, na aliyesogeza maji karibu na nyaya zake alijuta.

Asubuhi hiyo alikuwa ametulia, tena alikuwa na sababu. Tangu alfajiri Kamati ya Mto Wainisau ilikuwa imeweka tangazo jekundu kwenye tovuti ambayo ofisi yao ndiyo iliyoitengeneza: vijiji vyote vya bondeni vipande shuleni, juu kilimani, kabla ya saa sita mchana. Torika alifungua ukurasa kwenye kompyuta yake, akauona mwekundu. Akamuuliza Raneel, mwenye ofisi, naye kwake ulikuwa mwekundu. Redio ya dirishani ilikuwa ikitaja anwani ya tovuti kila baada ya wimbo. Kazi ya miezi mingi ilikuwa inafanya kile ilichotengenezewa, na Torika akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Watu wa kompyuta wana ugonjwa wao, na huu ndio mkubwa kuliko yote. Kitu kikifanya kazi mbele ya macho yao, wanaamini kinafanya kazi dunia nzima. Ukiwaambia kwako kimekataa, wanakutazama wewe.

Apakuki akaingia akivuja maji, viatu mkononi, simu sikioni. Alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba wake Setareki, na kazi yake ofisini ilikuwa kujaribu kurasa kabla hazijaenda kwa watu. Tangu utotoni wawili hawa walikuwa watani, kama ilivyo desturi ya kwao kati ya mtoto wa dada na mtoto wa kaka. Hakuna tusi lililokuwa kubwa mno, na hakuna aliyeruhusiwa kununa.

"Haya Mzee, kaeni hapo hapo penye joto," alikuwa akisema. "Mama kapika nini? Magimbi matupu? Nyama mnamwekea nani?" Akacheka, akakata simu.

"Nani huyo anayelishwa magimbi matupu?" Torika aliuliza bila kugeuka.

"Baba. Wamejifungia ndani, wanaota moto."

Torika akageuka. "Ndani wapi? Kijiji chenu cha Nasaukoro ndicho cha kwanza kwenye tangazo. Saa hizi walitakiwa wawe shuleni."

"Malkia wa seva, unafoka nini na jua halijatoka? Mzee kaangalia tovuti yako hiyo hiyo. Anasema ni kijani. Anasema imeandikwa mto umelala."

Torika akakiweka chini kikombe cha chai. "Kasema imeandikwaje? Hebu rudia."

"Mto umelala. Halafu sijui nini na nguruwe, nikajua Mzee ananichezea." Cheko lilimtoka Apakuki usoni polepole, maana maneno yale naye alikuwa akiyajua.

Yalikuwa maneno ya Torika. Kwenye seva ile ile iliyobeba tovuti ya mto palikuwa pia na tovuti za majaribio, ambazo hazikuandikiwa mtu yeyote wa nje. Hizo binamu hawa wawili walikuwa wamezigeuza uwanja wa utani wao. Kila ukurasa wa kujaribu unahitaji maneno fulani ya kujazia, basi Apakuki alijazia kejeli za kijiji cha Torika, na Torika akamjibu kwa kejeli za Nasaukoro. Wiki mbili nyuma alikuwa akijaribu rangi ya kijani ya tangazo la salama, akaandika: *Mto umelala, nanyi laleni. Nguruwe nitakuja kuwachukua mwenyewe. Mpwa wenu, Torika.* Apakuki alikuwa amecheka mpaka akajifuta machozi. Mpwa kule kwao ana haki ya kuingia kijiji cha mjomba wake na kuondoka na anachokitaka, iwe nguruwe, iwe mkeka, na hakuna wa kumzuia.

Jina pale chini alikuwa ameliweka kwa makusudi. Alitaka kila tangazo liwe na jina la aliyelituma, kwa sababu aliwajua watu wa mtoni. Neno lisilo na mwenyewe kwao ni upepo. Kamati ilikataa katakata, ikasema tangazo ni la Kamati na si la mtu. Kwa hiyo jina lilibaki kwenye majaribio tu.

"Mpigie," alisema Torika.

Apakuki alikuwa ameshapiga. Simu ikamwambia mteja hapatikani. Akapiga ya mama yake, ikawa vilevile. Akapiga ya dada yake Salote, ikaita mara moja ikakatika. Nchi nzima ilikuwa inapigia ndugu zake asubuhi ile, na laini zilikuwa zimejaa.

Mjomba Setareki ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji. Ngoma ya mti iliyokaa kando ya kanisa hakuna aliyeigusa bila yeye. Akiipiga, Nasaukoro yote inapanda kilimani na watoto mgongoni, asipoipiga, wanakaa. Na ndiye aliyemlea Torika baada ya baba yake kufariki, akamsomesha kwa magunia ya magimbi aliyoyabeba mwenyewe hadi sokoni. Watu wote wa kijiji kile walikuwa wamekaa kando ya mto uliokuwa unapanda, wakisubiri neno la mzee mmoja, na yule mzee alikuwa ameshapata neno lake.

"Kwangu bado ni nyekundu," Raneel alisema kutoka mezani kwake, akiugongagonga ukurasa ufunguke upya. "Angalia. Nyekundu. Mzee atakuwa na ukurasa wa zamani kwenye simu, dada. Mwambieni afungue tena."

"Bosi, ukurasa wa zamani wa wapi? Ule haujawahi kutoka nje ya ofisi hii," alijibu Torika.

Torika alichukua simu yake mwenyewe, akazima waifai ya ofisi, akaandika anwani kama mtangazaji wa redio alivyokuwa akiitaja. Mtangazaji alikuwa akiikata. Zile herufi tatu za mbele, zinazofanana, alikuwa akiziruka, kama anavyofanya kila mtu mwenye akili timamu asiyelipwa kuzitamka. Ukurasa ulifunguka taratibu, ukawa wa kijani kuanzia juu hadi chini, na jina lake likiwa limekaa pale kwa herufi nene.

Akaiweka simu mezani ili Raneel aone. Raneel aliitazama, akatazama kompyuta yake, akaitazama tena simu.

Jambo lenyewe halikuwa gumu, na ndiyo maana lilimuuma zaidi. Seva moja ni nyumba moja yenye wapangaji wengi, na mlangoni kuna bawabu mwenye orodha ya majina. Mgeni akija anataja jina, bawabu anamwelekeza chumba. Akitaja jina lisilo kwenye orodha, bawabu hamfukuzi. Anamwingiza chumba cha kwanza. Seva yao ilikuwa na milango miwili: wa ndani, wa watu wa ofisi, na wa barabarani, wa watu wote. Kwenye mlango wa ndani Torika alikuwa ameandika majina yote mawili ya tovuti ya mto, refu lenye herufi zile tatu na fupi lisilo nazo. Kwenye wa barabarani aliandika refu tu, akijiambia atarudi. Na kila kompyuta ya ofisini aliiagiza yeye mwenyewe ipite mlango wa ndani ili kuokoa pesa za data. Tangu siku ile hakuna mtu ofisini aliyewahi kuiona tovuti yao kama watu wa nje wanavyoiona.

Na chumba cha kwanza, bawabu alikuwa akikipata kwa kufuata mpangilio wa majina ya mafaili. Apakuki alikuwa amelibatiza faili la utani wao kwa sifuri tatu mbele, ili likae juu ya mengine asilitafute.

"Sifuri zako hizi," Torika alisema huku vidole vikienda.

"Na maneno yako," Apakuki alijibu. Walikuwa wamezoea kurushiana, lakini hakuna aliyecheka.

Aliongeza jina fupi kwenye orodha ya mlango wa barabarani. Mstari mmoja tu. Akaiagiza seva isome orodha upya, akafungua ukurasa kwenye simu. Kijani. Akaagiza tena, na sasa akasoma seva ilichokuwa inamjibu. Ilikuwa imekataa. Kabla ya kukubali orodha mpya, seva hukagua vyumba vyote, na kikiwa na kasoro kimoja tu, hata kama ni cha majaribio yaliyosahaulika, inaikataa orodha nzima na kuendelea na ile ya zamani. Kulikuwa na tovuti ya majaribio iliyokosa cheti chake cha usalama. Akaiondoa. Seva ikakataa kwa sababu ya nyingine. Akaiondoa na hiyo, ikataja ya tatu, iliyoitwa jina la mbuzi ambaye Apakuki alidai Torika aliwahi kutaka kuolewa naye.

"Ngapi?" aliuliza Torika. "Umefungua ngapi humu?"

"Mimi na wewe," alisema Apakuki kwa sauti ndogo. "Sikumbuki."

Redio ilisema daraja la chini la Wainisau limefungwa kwa magari. Mafundi cherehani pale mlangoni waliacha kuongea ili wasikie.

Torika aliacha kutafuta moja moja. Akafuta majaribio yote kwa mkupuo, yawe mazima yawe mabovu, kazi za wateja na utani wa miaka. Raneel aliinua mkono kama anayetaka kumzuia, kisha akaushusha. Seva ikakagua, ikakubali. Torika akafungua ukurasa kwenye simu, na baada ya mduara kuzunguka muda mrefu, ukaja mwekundu. Hapo ndipo alipohema.

Walijaribu tena kupiga, wote watatu, kila mmoja na simu yake. Hawakupata mtu. Walituma ujumbe, ukakaa bila kuondoka. Raneel alipigia polisi wa wilaya, akaambiwa boti ziko upande wa pili na watu wa huko wafuate tangazo.

"Si ataangalia tena?" alisema Raneel. "Ataona nyekundu, atapiga ngoma."

"Ataona," alisema Apakuki. Alikuwa ameketi juu ya jora la sari bila kujua amekalia nini.

Kisha simu ya Torika ikatetemeka. Ilikuwa ujumbe wa mjomba, uliokuwa umechelewa njiani. Mzee alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, na hakuwahi kufupisha neno hata moja maishani mwake.

*Mpwa wangu. Sasa naona rangi nyekundu na hakuna jina. Ile ya kwanza ilikuwa na jina lako, tena ulitania, nikajua hakuna hatari, maana mtu hatanii watu wake wakiwa hatarini. Vijana wanasema tupande. Maji yamefika kwenye mizinga ya nyuki. Hii nyekundu ni ya nani? Nangoja neno lako.*

Torika aliusoma kwa sauti mpaka katikati, Apakuki akamnyang'anya simu akaumalizia. Akajibu kwa herufi kubwa: PANDENI. Jibu likakaa pale pale na alama ya kushindwa kwenda. Akalituma tena, likakaa.

"Ukurasa unamfikia," alisema Torika. "Ujumbe haumfikii, lakini ukurasa unamfikia." Akavuta kiti.

Raneel alielewa kabla Torika hajaanza kuandika. "Torika, ile ni sauti ya Kamati. Hatuna ruhusa ya kugusa hata nukta. Wakisema tumeingilia tangazo la serikali siku ya mafuriko, mimi nafunga hii ofisi na wewe unakwenda mahakamani."

"Bosi, mjomba wangu ameketi anasubiri jina."

Raneel alitazama dirishani ambako hakukuonekana kitu isipokuwa maji. Alikuwa mtu mwoga, na hakuwahi kulificha hilo. "Andika," alisema. "Andika upesi, kabla sijafikiri."

Akaandika juu kabisa, katikati ya wekundu: *Mjomba Setareki, ni mimi Torika. La kijani msilifuate. Piga ngoma sasa hivi, pandeni wote. Sitanii.* Akaliangalia neno la mwisho. Hakuwahi kuliandika mahali popote kwenye seva ile. Kisha akaagiza ukurasa uende.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililowatesa. Kamati ilipiga simu ikafoka, Raneel akaitikia ndiyo bwana, samahani bwana, akiwa amesimama. Waliahidi kumwita kwa maandishi. Mafundi waliwaletea roti na dengu ambazo hakuna aliyezigusa. Redio ilisema mto umevunja kingo mahali pengi, ikataja vijiji, na ilipofika zamu ya Nasaukoro mawimbi yakakwaruza. Torika alikuwa akifungua ukurasa kwa simu yake kila mara, akitaka kuona kwamba bado ni mwekundu na jina lake bado lipo.

Alasiri mvua ikapungua, ndipo simu ya Apakuki ikaita kwa namba ngeni. Akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Alikuwa Salote, na nyuma yake watoto walikuwa wakilia na mtu alikuwa akiita majina darasani.

"Kaka, tuko shuleni. Tumepanda wote. Mama yuko hapa, kapata blanketi."

Apakuki alifunika uso kwa kiganja. "Baba mpe simu."

Salote akashusha sauti. "Alipiga ngoma mpaka wote tukatoka. Tulipofika penye mti mkubwa, njiani kupanda, akahesabu, akasema Bibi Verenaisi hayupo. Unamjua hasikii, ngoma kwake ni bure. Maji yalikuwa magotini tu wakati ule. Akarudi kumfuata. Bibi alikuwa ameshapanda na jirani, kwa njia ya juu. Hatukujua. Mzee akaenda nyumba tupu, na alipokuwa anarudi kidaraja kikaondoka naye. Vijana wamempata kwenye mianzi. Wamemleta, wamemlaza darasa la kwanza, wamemfunika mkeka mpaka usoni."

Apakuki alisimama, akaketi, akasimama tena. Raneel aliizima redio. Torika alikuwa akihesabu bila kutaka: muda ule wa kijani, muda wa seva kukataa, muda wa mzee kungoja jina. Maji yalikuwa yanapanda katika muda huo wote. Kama mzee angepiga ngoma asubuhi, angemfuata bibi yule kwenye udongo mkavu.

"Torika yupo?" Salote aliuliza. "Mwambieni watu wote hapa wanamshukuru. Mzee alitusomea ile nyekundu kwa sauti, akasema mpwa wangu amesema, twende. Alisema ile ya kijani ni mashine tu ilikosea, jina lake lilijiingiza, ya kwake ya kweli ni hii."

Torika angeweza kunyamaza. Raneel alikuwa akimtikisia kichwa anyamaze. Hata Apakuki, macho yamemjaa machozi, hakuwa akimtazama kwa kumdai neno.

"Salote," alisema Torika, akainama karibu na simu. "Haikuwa mashine. Ile ya kijani niliandika mimi, kwa mkono wangu. Nilikuwa namtania kaka yako."

Kule upande wa pili mtoto alilia, mtu akambembeleza.

"Tunajua, Torika," alisema. "Mzee ndiye aliyetukataza tusikwambie."